Kichuguu Kilichopumua

Sogeeni, wajukuu, na mwenye usingizi aketi nyuma asije akatuangukia. Haya matembe yetu mnayoyaona, kila moja na chungu kisicho na kitako juu ya paa, na tundu chini ya ukuta upande wa kivuli, hayakuwa hivi. Marehemu mama mkwe wangu alinisimulia, naye alisimuliwa.

Zamani hizo nyumba haikuwa na tundu hata la kupita panzi. Watu walimwogopa Mpita Utosini, upepo uliotembea jua likisimama katikati, wakati mtu hana kivuli. Ukikukuta nje, walisema, unakufyonza roho kama mtu anavyofyonza uboho mfupani. Kwa hiyo jua likikaribia utosi kila mlango ulifungwa, na mwanamke wa nyumba akaziba nyufa zote kwa udongo wa kichuguu, maana hakuna udongo unaoshika kama ule. Wakakaa humo gizani, kimya, jiko likifuka moshi wa samadi kavu. Siku nyingine walipofungua walikuta mtoto hafumbui macho. Basi walilia, wakasema ni ufa umebaki mahali, na kesho yake wakakandika zaidi.

Matika alikuwa amezika wanawe wawili namna hiyo. Aliyebaki ni Chiloji, hata meno hajaota. Siku moja ya kiangazi, nyumba imeshazibwa, alimpakata akasikia pumzi yake inakwenda ikikatika, inakwenda ikikatika. Akampapasa midomo, akaikuta baridi. Akainuka kuubomoa udongo wa mlangoni. Mama mkwe wake, Bibi Chilewa, akamshika kiuno.

"Mkamwana, ukifungua umetumaliza sote."

"Mama, huyu anayekufa humu ninaye mikononi. Huyo wa nje sijamwona."

Akaupiga mlango teke, akatoka na mtoto. Nyuma yake akasikia udongo unapakwa upya, haraka haraka, na aliyekuwa akipaka ni mumewe.

Nje hapakuwa na ndege wala mbuzi. Matika akatazama chini ya miguu yake, hana kivuli. Akakimbilia kichuguu alichozoea kuchimba udongo, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine kilichosimama juu ya ile nchi. Akakiegemea. Kichuguu kikapumua.

Akadhani ni kifua chake mwenyewe. Akajizuia pumzi, kikapumua tena. Kule juu kileleni joto lilikuwa likitoka, linaitetemesha hewa. Chini, pale jembe lake lilipokuwa limekitoboa, palikuwa na ubaridi kama wa ndani ya mtungi. Akamlaza Chiloji penye ule ubaridi. Kifua cha mtoto kikaanza kupanda na kushuka, taratibu, kikikifuata kichuguu.

Ndipo sauti ikatoka humo tunduni, nyembamba, nyingi, kama mtama unaomwagwa kwenye ungo.

"Udongo wetu umechukua. Pumzi mbona uliiacha?"

Matika akasema hakujua. Akawaomba wamfundishe, maana nyumbani kuna watu. Mchwa wakamwambia atoboe chini, atoboe na juu. Ila udongo, wakasema, bado ni wao, na watakuwa wakija kuusikiliza.

Wakati huohuo Mpita Utosini akafika. Akampapasa Matika uso kama kipofu anayemtambua mtu. Akamnusa mtoto. Kisha akaingia kwa tundu la chini, akatokea kileleni, akaenda zake. Kumbe alichotaka ni njia tu.

Matika akamfunga mtoto mgongoni, akarudi mbio na jembe. Alipoutoboa ukuta kwa chini, waliokuwa ndani wakapiga mayowe kwamba Mpita Utosini amewafikia. Akapanda juu, akalitoboa paa, akafunika pale kwa chungu alichokivunja kitako. Ule upepo ukarudi, ukaingia. Wakausikia unapita katikati yao, mmoja mmoja, wakafumba macho wakingoja kufa. Aliyeanza kusema ni Bibi Chilewa, ambaye alikuwa amelala kando ya jiko hajitambui. Alikohoa, akaketi, akawaambia walio karibu na tundu, "Hebu sogeeni kando, mnanizibia."

Na tangu siku hiyo tembe hujengwa na tundu chini na chungu juu, na achimbaye udongo wa kichuguu huweka sikio kwanza. Mchwa nao hawakusahau. Mkiona mstari wa udongo mbichi unapanda ukutani, wamekuja kusikiliza. Wakikuta nyumba inapumua, huenda zao. Wakikuta imezibwa, huanza na nguzo, kisha mlango, kisha kitanda, wala hawana haraka. Nyumba isiyopumua wao huihesabu maiti, na maiti mchwa hawaiachi.