Manjano ya Shati la Shekue

Nipeni masikio, nami niwape hadithi. Nikimaliza nitawadai hukumu. Anayesinzia asijifanye hakimu.

Jirani yangu Bi Siwema, wa Muheza, alikuwa na wajukuu watatu. Mbelwa alijaliwa miguu: akitafuta kitu, harudi mikono mitupu. Chausiku alijaliwa macho: mpe picha ya kale isiyo na rangi, ataitia rangi kwenye kompyuta mpaka uhisi watu wanapumua. Kihiyo, mpishi, alijaliwa masikio tu. Alijua kukaa na mtu. Msicheke, wenye kipaji hicho ni wachache.

Bibi aliugua, na sote tulijua haponi. Alitamani jambo moja: amwone mumewe, Shekue, kama alivyokuwa siku alipopigwa picha na timu ya kwanza ya mpira ya shamba la mkonge. Homa ilimchukua Shekue kabla msimu ule haujaisha. Nguo zake ziligawiwa baada ya arobaini, kama ilivyo desturi. Bibi akabaki na picha ile, nyeusi na nyeupe, na uso wa Shekue umeliwa na ukungu.

Mbelwa akashika njia. Alibisha hodi kwa watoto na wajukuu wa wachezaji wale, akafukuzwa na mbwa, akafika Korogwe. Huko akapata nakala nyingine. Ilikuwa imechanika, lakini uso wa Shekue ulikuwepo.

Chausiku akaziunganisha, akatia rangi. Weusi wa ngozi aliutafuta kwenye mikono ya baba yake, mtoto wa Shekue. Mashati akayapaka kijani, kwa kuwa timu ya mji siku hizi huvaa kijani. Wakampelekea Bibi.

"Sura ni yake," akasema. "Lakini shati hili si lake. Mume wangu hakuvaa hivi."

"Lilikuwa rangi gani, Bibi?"

"Sikumbuki, mjukuu wangu. Jamani, nimemsahau mume wangu!" Akalia, nami nikalia.

Kihiyo alihamia chumbani kwa Bibi, akampikia, akamsikiliza hata aliporudia yale yale. Siku moja alipokuwa akimlisha, tone la mchuzi likaangukia shuka jeupe. Bibi akaligusa.

"Manjano," akanong'ona. "Tulichemsha mashati yao meupe, ya kitambaa cha marekani, kwa manjano, sisi wake zao, kwenye sufuria za wali. La Shekue nililichemsha mimi."

Chausiku alipoleta picha mpya, Bibi alikuwa anakula. Hakusubiri kunawa. Aliishika, akaikumbatia.

"Umechelewa, mume wangu," akaiambia. Kisha akawatazama wajukuu. "Picha hii abaki nayo aliyenirudishia Shekue. Wengine msimwonee kijicho."

"Ni nani, Bibi?"

"Kwani hamumjui?" Akatabasamu, akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Mtasema, si wachape nyingine? Watachapa hata mia. Lakini ile yenye alama ya kidole cha Bibi, ya manjano, pale kifuani kwa Shekue, ni moja tu. Walinikabidhi mimi niamue, na mpaka leo imelala kabatini kwangu, na wajukuu wale hawasalimiani.

Mbelwa aliuleta uso. Chausiku aliutia uhai. Kihiyo alilirudisha shati. Mimi nimeshindwa, na kabati langu limechoka kutunza ugomvi. Je, wewe ungempa nani?