Hodi Ndani ya Mwanandani

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, nami nakupa kisa kama nilivyokipata bila kukitia sukari, ya kwamba palikuwa na mji pembezoni mwa jangwa uitwao Qasrani. Mji huo ulikuwa na ada ambayo ingeletwa kwetu leo, wataka vyeo wote wangeumwa tumbo siku moja.

Mtu akichaguliwa kuwa liwali wa mji, siku hiyohiyo huchimbiwa kaburi lake, kwa kimo chake. Muhula ukiisha na watu wakamtaka tena, hushuka humo akiwa hai, mchana kweupe, akalala ndani ya mwanandani, ule upenyo wa ubavuni mwa kaburi anamolazwa maiti. Mbao huegeshwa mbele yake. Kisha kadhi huwauliza watu kama waulizwavyo kwenye jeneza: mnamjuaje mtu huyu? Wakishuhudia kuwa ni mwema, hutolewa, akavishwa joho, akaendelea kutawala. Walioiweka ada hiyo walitaka mtawala akumbuke anakokwenda. Haikuwapitikia akilini kwamba huko anakokwenda nako kuna wanaomkumbuka.

Liwali wa zama hizo alikuwa Mundhir bin Khalaf. Muhula wake wa kwanza ulipoisha alishuka, akatoka akijipangusa vumbi na kutabasamu. Alikuwa mpole, hakula rushwa, na mlango wake haukuwa na askari. Ila kilichompa sifa zaidi ni swala. Aliyemwendea baada ya adhuhuri mara nyingi alimkuta juu ya msala, amezama, haoni wala hasikii. Watu wakarudi majumbani wakisema liwali wetu ni walii.

Sasa sogea nikwambie walichokuwa hawakijui.

Palikuwa na mjane, Bi Rumaysa, aliyekuwa na kishamba cha mitende chini ya mji. Jirani yake wa juu, rafiki wa liwali wa kula naye sahani moja, alipindua mfereji wa maji ukaishia bustanini mwake mwenyewe. Mitende ya mjane ikaanza kunyauka. Bi Rumaysa akaenda kushtaki. Mkono wake mmoja ulikuwa umepooza, na wa pili umeshika mkongojo, basi aligonga mlango kwa mkongojo huohuo: pigo moja zito, kisha ukwaruzo, kama kitu kinachoburutwa.

Mundhir alimsikiliza mara ya kwanza, akajua haki ni yake. Lakini kumkabili rafiki yake kulimwia vigumu, akamwambia arudi kesho. Kesho yake akamwambia hivyo tena. Mwishowe akawa akisikia ule ukwaruzo mlangoni, anamwambia mtumishi wake Maysara, "Mwambie niko kwenye swala." Na kwa kuwa alimcha Mungu, hakutaka Maysara aseme uongo. Basi aliinuka, akatandika msala, akafunga swala kwelikweli.

Cheka, lakini cheka polepole. Mwenye dhambi mjinga hukimbilia kilabuni. Huyu alikimbilia kibla.

Siku moja hodi ile haikuja. Mundhir akahisi wepesi kifuani. Jioni akaletewa habari kuwa Bi Rumaysa amefariki, naye akaenda kumswalia mwenyewe, akatokwa na machozi mbele za watu, sifa zikaongezeka. Mchimba makaburi, asiyejua lolote, akamzika palipokuwa na nafasi: ubavuni kabisa mwa kaburi tupu la liwali.

Muhula wa pili ukaisha. Watu wakamtaka Mundhir kwa sauti moja. Baada ya alasiri akashuka kaburini, mchimbaji akimtania kwamba safari hii bwana amenenepa, asije akawapa kazi ya kumvuta kwa kamba. Mundhir akacheka, akalala kwa ubavu kuelekea kibla. Mbao zikaegeshwa. Giza likamkumbatia, na harufu ya udongo mbichi, ilhali mvua haikuwa imenyesha Qasrani tangu mwaka uliopita.

Juu akasikia sauti ya Kadhi Tawus, mbali, kama mtu anayesema chini ya kisima. "Enyi watu, mnamjuaje mtu huyu?"

Watu wakaitika, "Tunamjua ni mtu wa swala."

Na hapo, ndani ya udongo, vidole vichache mbele ya uso wake, kitu kikagonga. Pigo moja zito. Kisha ukwaruzo.

Mundhir akajiambia ni panya. Wewe pia ungesema ni panya. Kikagonga tena, taratibu, kwa subira ya mtu aliyezoea kungojeshwa, na chembe za udongo zikamdondokea kwenye kope. Kwa kuwa kinywa chake kilizoea jibu moja tu kwa hodi hiyo, kikajibu chenyewe kabla hajakizuia: niko kwenye swala.

Kugonga kukakoma. Hata watu wa juu akawa hawasikii tena. Hewa ikawa nzito. Akataka kutoka, akasukuma mbao, na mbao zikawa kama ukuta wa mawe. Akazipiga kwa ngumi, akaita Maysara, akaita kadhi. Mkono ukachoka, ukawa haupigi tena, unaburuza tu. Ndipo akausikia mlio wa kugonga kwake mwenyewe: pigo, kisha ukwaruzo.

Na kutoka upande wa pili wa udongo sauti ya mwanamke ikamjibu, tulivu, bila hasira yoyote:

"Rudi kesho, bwana liwali. Niko kwenye swala."

Mbao zilipoondolewa, waliokuwa juu waliapa kuwa hawakusikia ngumi wala kelele, na kwamba alilala humo kwa muda wa kusoma fatiha tu. Lakini kucha zake zilikuwa zimejaa udongo.

Kadhi akamtandazia joho. Mundhir akatikisa kichwa, akasema hataki muhula mwingine. Basi, jamani, watu wakalia kwa furaha. Tazameni unyenyekevu! Mtu anakimbia cheo! Kila alivyokataa ndivyo walivyomtukuza, na rafiki yake mwenye bustani alikuwa wa kwanza kumbusu mkono.

Kadhi Tawus akamsogelea sikioni. "Kama umechoka, sema umechoka. Utaondoka na heshima yako, na watoto wataitwa kwa jina lako."

Mundhir akatazama kaburi lililokuwa pembeni. Hapo ndipo alipotahiniwa, ndugu yangu, wala si kule chini. Kuacha cheo na kubaki na sifa ni kazi nyepesi, hata mimi naiweza.

"Sikuchoka, sheikh wangu," akasema, na akapaza sauti ili wote wasikie. "Mmeshuhudia kuwa mimi ni mtu wa swala. Niliswali ili nisimfungulie mlango mjane aliyezikwa hapa. Maji yake nilijua yako wapi. Ushuhuda wenu haukufika kule chini. Uliofika ni wake."

Rafiki yake akauachia mkono wake taratibu, kama mtu anayeachia chungu cha moto. Maysara mtumishi akaanza kulia, kwa sababu sauti iliyomfukuza mjane mlangoni ilikuwa yake.

Jua halijazama, Mundhir akatoa hukumu yake ya mwisho: mfereji urudishwe. Akashika jembe mwenyewe. Kisha akaenda kwa binti wa marehemu, jina lake Hudhayma, akabisha hodi na kuomba msamaha.

Binti akamjibu nyuma ya mlango, "Maji nimeyapokea, baba. Msamaha si wangu, ni wa mama. Rudi kesho."

Akarudi kesho. Akarudi na kesho yake. Kila baada ya adhuhuri alionekana mtu aliyekuwa liwali akizoa tope mferejini, kisha akibisha mlango ule, na kila siku jibu lilikuwa hilohilo. Hakulalamika wala hakupandisha sauti. Ndevu zikawa nyeupe, mitende ikazaa tena, naye anabisha.

Siku hodi yake haikuja, Hudhayma mwenyewe alitoka kumtafuta, akamkuta amelala kando ya mfereji, mkono wake ndani ya maji, ameshaenda kwa Mola wake.

Wakamzika katika kaburi lilelile. Mchimbaji, ambaye tangu siku ile hakutania tena watu mle ndani, alipokuwa akiegesha ubao wa mwisho alisikia mlio ndani: pigo moja, kisha ukwaruzo. Akaganda, ubao mkononi. Kisha akasikia kitu ambacho alikisimulia mpaka kufa kwake: komeo likivutwa, na mlango ukifunguliwa.

Allah awarehemu wote wawili. Nawe uliyefurahia kisa, nenda kaswali, swala ni nguzo. Lakini kabla hujafunga takbira, tega sikio mlangoni.