Sweta la Kidato cha Kwanza

Wapendwa, kaeni vizuri, na akina mama wenye watoto wachanga msitoke nje, maana haya ni ya kwenu hasa. Padri hayupo leo, mnaye katekista wenu, na katekista hana mahubiri marefu. Ana mfano tu.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, katika mji wa baridi kama huu wetu. Tumwite Mama Leokadia. Kazi yake ilikuwa vibarua vya viazi, kulima, kupalilia, kuvuna, popote alipoitwa. Mtoto wake mmoja tu, huyo Leokadia, alikuwa na kichwa chepesi ajabu. Alipomaliza la saba alichaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana, ile ambayo kata nzima hupata nafasi mbili au tatu. Mama alilia kwa furaha. Halafu akapewa karatasi ya mahitaji, akalia tena.

Mnazijua karatasi hizo. Godoro, sanduku, ndoo, jembe, viatu vyeusi vya kamba, sare, sweta la kijani lenye nembo ya shule. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: asiyeripoti hadi tarehe ishirini na tano, nafasi yake atapewa mwingine.

Sasa huyu mama hakuwa mtu wa kukaa na kujishika tama. Sare aliikatia gauni lake la sikukuu, bahati nzuri rangi ilikuwa ileile. Viatu vya mtoto vilivyokuwa vimeachama alivipeleka kwa fundi, vikawekwa soli ya tairi. Kwenye madaftari ya la saba alichomoa kurasa zote ambazo hazijaandikwa, akazishona kwa uzi, yakapatikana madaftari manne. Ndoo ya nyumbani aliitoa, yeye akawa anachota maji kwa sufuria. Godoro walilokuwa wakilalia wote wawili akamwachia mtoto, akahamia kwenye mkeka, na baridi ya kwetu mnaijua.

Likabaki sweta. Sweta halina ujanja, lazima liwe na nembo, na bei yake ilikuwa vibarua vya siku kumi na mbili. Januari ile mvua ikashika. Mashamba yakawa tope tupu, hakuna aliyeita kibarua.

Nisikilizeni sasa. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mama Dafroza. Na Dafroza alikuwa amemaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja. Shule ipi? Hiyohiyo.

Utasema, basi kazi imekwisha, si aende akaombe? Ndugu yangu, wewe mara ya mwisho uliomba lini? Mama Leokadia alikwenda. Alipiga hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye kigoda.

"Haya mwenzangu, habari za nyumbani?" Mama Dafroza akamuuliza.

"Nzuri tu. Nimekuja kuomba chumvi kidogo."

Akapewa chumvi. Chumvi alikuwa nayo nyumbani, pakiti haijafunguliwa. Akaenda mara ya pili, akasema amepita kusalimu. Neno lilifika mpaka ulimini likarudi. Aliona haya, mwanamke mzima amwombe mwenzake nguo iliyovuliwa na mtoto wake, halafu kesho aje alisikie jambo lake bombani.

Jumamosi ikifika, jumuiya inasali. Utaratibu wetu mnaujua, mwishoni kila mmoja anataja nia yake. Huyu anaombea mguu wake, yule anaombea mume aache pombe. Zamu ya Mama Leokadia ikifika anainamisha kichwa na kusema, "Naombea nia yangu ya moyoni." Na wote, Mama Dafroza akiwemo, wanaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Jumamosi tatu mfululizo. Hakuna aliyemvuta pembeni akamuuliza, mwenzetu, huko moyoni kuna nini? Sisi tunaona kutouliza ndiyo adabu.

Tarehe ishirini na nne alimpeleka mtoto hivyohivyo, labda wangemhurumia. Mwalimu pale langoni aliikagua orodha, akasema, "Mama, sweta halipo. Kalete sweta ndipo tumpokee." Wakarudi na sanduku lao kichwani. Njia nzima mtoto hakulia, na hilo lilimchoma mama kuliko kama angelia. Tarehe ishirini na tano ikapita. Ishirini na saba wakaletewa habari kwamba nafasi imeshachukuliwa.

Jumamosi iliyofuata sala ilikuwa kwa Mama Dafroza. Mama Leokadia aliwahi kufika, ndivyo alivyo, akakuta kibaraza kimejaa tope la mvua.

"Nipe tambara nikusaidie kudeki," akasema.

Mwenzake akampa tambara kutoka jikoni, akaendelea na chai yake. Mama Leokadia akapiga magoti, akalichovya kwenye ndoo, akalikamua. Alipolikunjua ili afute, akaona kitu cha kijani, akaona na nembo, ileile iliyokuwa juu ya karatasi yake ya mahitaji. Akakaa chini palepale kwenye tope, akaangua kilio cha msiba.

Mama Dafroza akatoka mbio. "Kuna nini? Nani amefariki?"

"Ni hili," akasema, ameliinua juu linachuruzika. "Mwanangu amekosa shule kwa ajili ya hili."

"Jamani, Mama Leokadia. Si ungeniambia? Yalikuwa mawili. Lile lingine zima kabisa, nimemtandikia kuku anayeatamia."

"Ningekuambiaje?"

"Mimi nilitaka kukuletea tangu Desemba. Nikasema, mtoto amefaulu vizuri hivi, nikimpelekea vilivyochujuka vya Dafroza ataona namdharau. Nikanyamaza."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sawa. Na mwenye nguo naye akiificha, mtoto atavaa nini?

Siku ile hawakusali. Mama Dafroza alimwondoa kuku juu ya mayai, akalifua lile sweta kwa maji matatu, akalianika, akalipeleka. Jumatatu walikwenda shuleni wote wawili wakapiga magoti mbele ya mkuu wa shule. Kitanda kilikuwa na mtoto mwingine, naye ni mtoto wa watu, nani amtoe?

Mnataka kujua Leokadia yuko wapi? Sweta analo, na linamtosha vizuri. Analivaa kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu ya baridi, akiongozana na mama yake kwenda kuvuna viazi vya watu. Nembo ya shule iko kifuani.

Haya, sisi sasa. Tunalalamika kwamba shule ni ghali. Ni ghali, sibishi. Lakini gharama nyingine tunajitwisha wenyewe kwa kunyamaza. Humu ndani, katika nyumba zetu, kuna kaptula ngapi za vijana waliokwisha kurefuka? Kuna vitabu vingapi vya kaka aliyemaliza, vinasomwa na panya? Mungu tunamwomba atushushie kitu ambacho alishatushushia miaka minne iliyopita, kikapitia kwa jirani. Mnataka afanye nini zaidi, aje mwenyewe kufungua sanduku?

Mwenye nacho, peleka. Usimsemee mwenzako kwamba atachukia, mpe nafasi achukie mwenyewe. Na wewe unayekosa, fungua mdomo. Aibu ya kuomba inauma siku mbili ikapoa. Ile ya Mama Leokadia inamtangulia njiani kila asubuhi, na hawezi kuivua.

Kwa hiyo leo hatutaombea nia za moyoni. Kila mtu atataja kitu na saizi yake, na aliye nacho atanyoosha mkono. Nitaanza mimi. Mke wangu ananikazia macho pale, anisamehe. Mwanangu anaingia darasa la tano, na viatu vya mwaka jana vidole vimetokea mbele. Nimenyamaza tangu Krismasi kwa sababu mimi ni katekista, nikaona mtanionaje. Shule inafunguliwa kesho kutwa. Anavaa namba thelathini na tano. Nani anavyo?