Zege Mlangoni kwa Kindi

Hapo zamani za kale, zamani ambazo babu zenu walikuwa bado hawajui hata kujikuna, wanyama walikuwa na mabanda ya chipsi. Ndiyo, chipsi. Anayebisha akalale, sisi tuendelee.

Kindi alikuwa na banda lake pale Njiapanda ya Matopeni. Jiko moja la mkaa, karai moja, na benchi lenye mguu mmoja mfupi. Lakini mafuta yakishika moto, chwaaaa! Njiapanda nzima inameza mate.

Kilichomtoa kimaisha kilikuwa chipsi mayai. Alikaanga viazi, akavimwagia yai lililopigwa, akageuza, vikashikana vikawa kitu kimoja cha duara, kizito, ukila asubuhi unasahau mchana. Wanyama wakakipa jina: zege. Basi, hakuna aliyesema chipsi mayai tena. Ni "Kindi, nipe zege!" tangu asubuhi mpaka jioni.

Tabu ilikuwa matope. Masika ilipoingia, mlangoni pakawa dimbwi. Punda alikuja na ndala mbili, akaondoka na moja.

Ndipo Kobe, mwenyekiti wa soko, akafika na shingo yake ndefu kuliko kawaida.

"Kindi! Hapa wateja wanakula au wanaogelea?"

"Wanakula, Mzee Kobe. Hiyo ni mvua tu."

"Mvua inyeshe kwao. Jumamosi napita tena. Nikikuta dimbwi, kiwanja hiki nampa Kiboko. Ameshaniomba."

Kindi akapapasa mfuko wake. Banda lile ndilo lililomlisha yeye na wadogo zake. Kuliziba dimbwi kwa sakafu kulihitaji saruji, na saruji ilihitaji mfuko uliojaa. Wake ulikuwa na maganda ya karanga.

Huyo Kiboko alikuwa ametoka mtoni juzijuzi tu, akafungua mgahawa ng'ambo ya barabara, juu kidogo, pakavu. Bango kubwa, viti vya plastiki, wahudumu wenye kofia, na meneja kabisa, Fisi. Mbinu yake ya biashara ilikuwa moja: anachofanya Kindi, yeye afanye kikubwa zaidi. Kindi akiweka kachumbari kwenye kibakuli, Kiboko anaweka ndoo. Kindi akisema "Karibu mteja," Kiboko ananunua spika: "KARIBU MTEJAAA!" Hata nzi walihama.

Lakini mteja akienda kule mara moja, ya pili anarudi kwa Kindi. Kwa nini? Kiboko alikaanga viazi vyote alfajiri ili baadaye apumzike. Kufika mchana, chipsi zimelala kama mende waliopigwa dawa. Fisi aliliona hilo.

"Bosi, wateja wanasema chipsi zimepo..."

"Fisi, nimekuuliza?"

"Hapana, bosi."

"Mwenye mgahawa nani?"

"Wewe, bosi."

"Basi funga mdomo, usimamie kofia."

Alhamisi, Kiboko akavuka barabara mwenyewe kwenda kuchungulia. Akasimama kwenye lile dimbwi, pwachu! Akakuta foleni. "Zege langu!" anadai Nyani. "Langu mimi, nilitangulia!" anapiga kelele Punda.

"Shikamoo, Mzee Kiboko," akasema Kindi.

"Marahaba, dogo. Zege, zege, zege. Mpaka kwangu nasikia. Hilo ndilo linalokuletea watu?"

"Ndilo hilohilo, mzee."

"Zege hili la saruji na kokoto? Niliona wakilijengea daraja kule mtoni."

Kindi akaushika mkia wake kwa mikono miwili asicheke. Akainama, akajifanya anapuliza mkaa, fuu, fuu. Kichwani akaliona dimbwi, akamwona Kobe, akaiona Jumamosi. Alipoinuka, uso ulikuwa wa msiba.

"Mzee! Nani amekwambia siri yangu?"

"Sijaambiwa na mtu. Mimi nina akili."

Hapo mngesema nini nyinyi? Mngecheka mkaharibu kila kitu. Kindi hakucheka.

"Basi nakuomba, mzee wangu," akanong'ona. "Lipike huko kwako, pipa zima ukitaka. Ila usije ukaligawa bure hapa mlangoni kwangu. Ukilileta hapa, umeniua. Nafunga banda, narudi mtini."

"Hapahapa? Kwenye hili dimbwi?"

"Hapahapa, mzee. Nakusihi."

Kiboko akaondoka anacheka, ardhi inatikisika, gudu, gudu, gudu.

Kesho yake akaletewa mifuko ya saruji, mchanga na kokoto. Akampa Fisi koleo.

"Leo tunapika zege. Tunaligawa bure mlangoni kwa Kindi, tunamaliza mchezo."

Fisi akaiangalia saruji. Akamwangalia bosi. Yeye mwenyewe alikuwa akitoroka kila siku kwenda kula zege kwa Kindi.

"Bosi, hilo zege wanalolipenda ni la..."

"Nimekuuliza?"

Fisi akashika koleo. "Hapana, bosi."

"Wanyama wa nchi kavu wanatafuna mpaka miiba. Kokoto zitawashinda nini? Koroga!"

Kwachu, kwachu, kwachu. Fisi akakoroga mpaka mapipa yakajaa.

"Chumvi niweke, bosi?"

"Weka."

"Na pilipili?"

"Pilipili pembeni. Kuna watoto."

Mapipa yakakokotwa mpaka ukingoni mwa dimbwi la Kindi. Spika ikafunguliwa: "ZEGE BURE! LEO BURE! MLANGONI KWA KINDI!"

Mji mzima ukamwagika. Nani anaacha cha bure? Kila mmoja akapewa sahani, zege la kijivu, kachumbari juu.

Punda ndiye aliyeanza. Kwa!

"Jino langu! Mama yangu, jino langu!"

Nyani akatema. Twiga naye akatema haraka sana, maana shingo ile ikiziba utaanzia wapi kuizibua?

"Kiboko, unatulisha daraja?" akafoka Punda.

Sahani zikageuzwa dimbwini. Mwaa! Mwaa! Mwaa! Kiboko kwa hasira akayapiga teke mapipa, yakaanguka moja baada ya jingine. Bwaaaa! Dimbwi likajaa zege, matope hayaonekani tena.

Hapo Kindi akaruka kutoka bandani na ubao mkononi.

"Jamani, msikanyage! Bado bichi! Punda, rudi nyuma na hiyo ndala yako!"

Akasawazisha huku, akasawazisha kule, akamalizia na mkia, swaa, swaa, pakawa laini kama sahani.

Jumamosi Kobe akafika. Akapanda juu ya sakafu, akaigonga kwa gamba lake. Ko, ko, ko!

"Hii ni kazi ya fundi. Nani amekumwagia?"

"Mzee Kiboko."

"Kwa kiasi gani?"

"Bure. Alitangaza kwa spika, mji mzima ni shahidi."

Kobe akatikisa kichwa. "Kiwanja ni chako, Kindi. Nikaangie zege, la mayai, siyo la Kiboko."

Kiboko akaja mbio, mashavu yamevimba. "Dogo, umenidanganya!"

"Mimi tena, mzee? Si nilikusihi usilete hapa? Ulitaka nikusihi kwa spika?"

Foleni ikaangua kicheko. Kiboko akamgeukia Fisi.

"Na wewe! Ulijua kwamba zege ni chipsi mayai?"

"Nilijua, bosi. Nalila kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, bosi."

Fisi akavua kofia ya kazi, akamvisha Kiboko kichwani, akapangusa miguu kwenye sakafu mpya na kuingia kwenye foleni nyuma ya Punda.

"Kindi, ndugu yangu, zege moja. Pilipili pembeni."

Basi shikeni hili: bosi anayewaziba midomo wafanyakazi wake huishia kumjengea mshindani wake sakafu.