Kipande cha Kwanza cha Mbuzi Aliyesubiri

Sogezeni viti. Na yeyote atakayepata jibu kabla ya mwisho alibane chini ya ulimi, maana swali lenyewe bado liko njiani.

Palikuwa na mpiga tarumbeta wa usharika mmoja, kwenye vihamba vya Kilimanjaro, yale mashamba ya migomba na kahawa, jina lake Eliakunda. Alipiga lile la besi, kubwa, linalomzunguka mpigaji kama chatu, na alipolipuliza vioo vya kanisa vilitetemeka. Karibu naye walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Rafiki yake Ndekirwa, aliyeketi kushoto kwake kwa miaka ishirini, alikuwa na sikio lisilopitwa na kitu. Dada yake Mkunde, muuza ndizi sokoni, alikuwa na ulimi ambao ukikushika hauchoki kabla yako. Na mkewe Aikande alijua kusubiri. Watu walikicheka hicho cha tatu. Kusubiri nako ni kipaji?

Ndekirwa ndiye aliyeanza. Kwaresima ile alisikia besi ikikatika kwenye ubeti wa mwisho, Jumapili baada ya Jumapili. Eliakunda alikuwa amehamia kiti cha mlangoni, na kila ibada alitoka mara mbili kwenda msalani. Ndekirwa alinyamaza wiki sita kwa aibu. Siku ya Pasaka, walipokuwa wakifuta matarumbeta yao, uvumilivu ulimwisha.

"Mwenzangu, siku hizi unapiga wimbo au unapiga mbio?"

"Ni chai tu. Nakunywa nyingi."

"Chai gani hiyo inayokuweka msalani dakika kumi ukarudi uso umekunjamana? Hiyo ni tezi dume. Baba yangu alianza hivyohivyo, tukaja kujua tumeshachelewa. Kapime!"

Eliakunda alicheka. Lakini alipofika nyumbani alikuwa na hofu, na safari hii hofu ilikuwa na jina.

Hofu haikumpeleka hospitali. Ilimpeleka shambani, akapalilia kahawa iliyokwisha kupaliliwa. Ndipo Ndekirwa alipompasha habari Mkunde. Jumamosi Mkunde alifika na kiti chake mwenyewe kichwani, akakitua katikati ya mlango wa kaka yake, akaketi.

"Dada, nini tena?"

"Nimehamia. Nitaondoka ukishapima."

"Mambo ya tezi si ya kutajwa mbele za watu!"

"Sawa. Kesho namwomba mchungaji ayatie kwenye matangazo, baada ya ratiba ya kwaya. 'Tumwombee ndugu yetu Eliakunda, tezi yake...'"

"Mkunde!"

Jikoni Aikande alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Mkunde akamgeukia. "Na wewe wifi, unayelala naye, hukuona?"

"Niliona," Aikande alisema, kicheko kimemkauka. "Nilidhani ni umri."

Jumatatu, gari la kwanza lilimteremsha Eliakunda mlimani, dada yake amemshika mkono kama anampeleka chekechea.

Kipimo cha damu cha tezi kilikuwa juu. Madaktari wakamtoa vipande vidogo vya tezi ili vipimwe, nyumbani wakasubiri wiki tatu, na karatasi ikaja: saratani haijaonekana. Shangwe gani! Mkunde alipiga vigelegele kuanzia sokoni hadi nyumbani, akiacha ndizi zake kwa jirani. Ndekirwa alileta mbuzi wa ndafu, wa kuchomwa mzima. Kikundi kizima cha tarumbeta kilikuja. Kisu kilikuwa kimeshanolewa, na Mkunde ndiye aliyekinoa, Aikande aliposimama na ile karatasi.

"Mbuzi huyu hachinjwi."

"Wifi, una nini?"

"Karatasi haijasema hana. Imesema hawajaona. Na kipimo cha damu bado kiko juu. Daktari anamtaka arudi baada ya miezi minne."

Eliakunda hakuwahi kumkasirikia mtu hivyo. "Mama Aisia, unaniombea mabaya?"

"Siombi mabaya, Baba Aisia. Nasubiri."

Wageni wakaondoka na njaa yao. Mbuzi akafungwa nyuma ya jiko, akala, akalala, akanenepa, hata watoto wakamwita Mstaafu. Na kila asubuhi Eliakunda aliamka asijue kama yeye ni mgonjwa au mzima. Hilo ndilo lililomtesa kuliko maumivu. Mgonjwa hutibiwa na mzima huenda kazini. Yeye alisimama wapi? Alikwenda nyuma ya jiko, na kila mara alimkuta Aikande akimkatia Mstaafu majani.

"Shika panga," Aikande alimwambia. "Leo hatujui. Na kesho hatujui. Huyu anajua njaa tu."

Siku alizotaka kulia, alilia pale, na mkewe aliendelea kukata majani karibu yake, asimhimize wala asimtulize. Siku alizotaka kuzungumzia kahawa, walizungumzia kahawa. Miezi minne ilipotimia, Eliakunda alisema harudi hospitali ng'o, Aikande hakubishana. Alimpapasa mbuzi shingoni. "Basi utakufa kwa uzee, Mstaafu." Eliakunda akaangua kicheko, mpaka akashika ukuta. Kesho yake alikwenda.

Safari hii waliiona. Saratani ilikuwapo, ndogo, bado imo ndani ya tezi. "Mngekuja mwaka ujao," daktari alisema, "tungekuwa na mazungumzo mengine." Eliakunda akaanza tiba ya mionzi, wiki baada ya wiki. Miezi ikapita, kipimo cha damu kikashuka, kikapimwa tena, kikabaki chini. Ndipo daktari aliposema kwamba sasa ana neno la kuandika: 'Ametibika.' Aikande aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akatamka neno moja tu:

"Chinjeni!"

Haijapata kuwa sherehe kama ile! Eliakunda alipiga beti zote tano bila kutoka, na kuku wa jirani wakakimbilia migombani. Mstaafu akaletwa mezani mzima, ameiva rangi ya dhahabu, majani mdomoni. Sasa desturi yao ni hii: mwenye sherehe hukata kipande cha kwanza, akakitia kwa mkono wake kinywani mwa mtu anayemshukuru kuliko wote. Kipande kimoja, kinywa kimoja. Hakigawanywi, na mwenyewe hakili.

Eliakunda alikata. Nyama ilimchoma vidole, na watu wote uani wakamtazama.

Sikio la Ndekirwa lisingesikia, nani angesema? Lakini alikaa na siri wiki sita. Ulimi wa Mkunde usingemng'oa, angekuwa bado anapalilia. Lakini kisu cha mapema alikinoa yeye. Aikande asingesubiri, mbuzi huyu angeliwa mwaka jana, na mwaka huu angechinjwa mwingine, wa msiba. Lakini aliona kabla ya wote, akadhani ni umri.

"Kaka, nyama inapoa," Mkunde alisema, "nami nimekuja na njaa yangu!"

Ndekirwa alilaza tarumbeta magotini, maana huwezi kupuliza huku unatafuna.

Aikande hakuwa amekaa. Alisimama kwenye kona ya jiko na kamba ya Mstaafu mkononi, akiikunja taratibu, kama mtu asiye na haraka yoyote.

Eliakunda akapiga hatua moja mbele. Hapo nami namwacha, na nyama nakuwekea wewe mkononi, ingali moto. Haya, toa lile jibu ulilolibana: ungemlisha nani?