Picha Zilizopepewa

Ijumaa, baada ya adhuhuri, Bi Tausi muuza maandazi alitoweka. Asubuhi yake Mishi, mwanafunzi wa Fundi mgeni wa uchoraji, alikuwa amemchora sura kwa rangi za maji.

Basi sikilizeni, mlioketi. Jumamosi Mishi alimchora kinyozi; picha ilipokauka, kinyozi hakuonekana. Jumapili alimchora mshona viatu. Picha ikakauka, naye akapotea. Kila mara Fundi aliipepea picha akiihimiza, "Kauka, kauka!" Wala hakumpa mtu kisogo hata siku moja.

"Kesho mlete mdogo wako Riziki, umchore," Fundi akamwambia Mishi.

"Si nikuchore wewe kwanza, Fundi?"

"Mimi? Kwa sura hii, mwanangu?" Akacheka. Chini ya kilemba, kisogoni, Mishi akasikia mdomo wa pili ukicheka pia.

Zimwi! Mishi akakumbuka somo la kwanza: rangi ya maji, hata ikikauka, ikiloweshwa hutoka. Akabeba ndoo ya kuoshea brashi, akazimwagia maji picha zote tatu.

Rangi zikatiririka sakafuni. Watu watatu wakasimama, wameloa chapachapa.

"Nani kala maandazi yangu?" akafoka Bi Tausi.

Fundi alionekana mara ya mwisho akikimbilia porini bila kilemba, mvua ikimnyeshea, kisogo kikipiga kelele: "Kauka, kauka!"