Moyo Nyuma ya Vumbi

Hapo zamani, zamani ambayo baadhi yenu mliiishi, alikuwapo mwalimu wa elimu ya nyota, Bi Atuganile. Miaka ishirini alishikilia neno moja: katikati ya galaksi fulani za mbali, makundi makubwa ya nyota, nyuma ya vumbi zito, kuna shimo jeusi linalokula kila kinacholikaribia, na kila linapokula, pembezoni pake panawaka.

Wenzake wakamwuliza, "Umeliona?"

"Vumbi limelifunika."

Wakacheka. Uprofesa wakamnyima.

Ikarushwa darubini ya angani inayopiga picha kwa infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho, unaopenya vumbi. Bi Atuganile akaomba ielekezwe kwenye galaksi saba alizozishuku. Akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa. Mara ya tatu akakubaliwa. Picha zilipofika, alikuwa na wiki mbili kaburini.

Wanafunzi wake wawili wakazipokea. Tusekile akazikagua picha mia nne, moja baada ya moja, miezi mitano. Galaksi sita hazikuwa na kitu. Katika ya saba akaona nukta, ndogo, kali. Akalia: "Mwalimu alisema kweli!"

Mwenzake, Ambakisye, akakunja uso. "Dada, hizo ni nyota changa tu. Nazo hupasha vumbi joto. Nitakuonyesha."

Akaketi ili amkosoe. Akapima ile nukta rangi kwa rangi, akiondoa mwanga wa nyota kidogo kidogo. Mwaka mzima. Kazi aliyoitiwa ng'ambo ikampita. Mwishowe nyota zikaisha, nukta ikabaki, na vumbi lake lilikuwa na joto kubwa kuliko nyota changa zinavyoweza kulipasha.

Akarudi kwa Tusekile, macho chini. "Nimeshindwa. Ni shimo jeusi."

Ripoti ikaandikwa. Jina la kwanza ndilo litakalokumbukwa. Wakaenda kwa mkuu wa idara awaamulie, pamoja na Lugano, binti wa marehemu.

Lugano akasema, "Bila mama, darubini isingeelekezwa kule. Alidhihakiwa mpaka anaingia kaburini."

"Pole, dada yangu," akasema Ambakisye. "Lakini mama alitaja saba, sita akakosea. Kubahatisha si kujua. Aliyejua ni mimi."

Tusekile akageuka. "Ulijua kwa kutaka kuniumbua! Nukta niliiona mimi, nikaishikilia ulipoikana."

"Uliiona, hukujua ni nini."

"Na nisingeiona, ungepima nini?"

Lugano akafuta machozi. "Mama angekuwa hai, mngeyasema haya mbele yake?"

Mkuu wa idara akachukua kalamu, akaandika jina moja juu ya mengine. Nalijua jina hilo, ila silitaji kabla sijasikia lenu.

Haya, nambieni: aliyeamini kabla ya kuona, aliyeona, na aliyethibitisha huku akitaka kukanusha. Je, nani alistahili kuandikwa kwanza?